UZI: Heal Selection imepotea baada ya kuapdeti GIMP? Usifute programu, pitia hapa kwanza

MsafishaPicha (mtoa mada)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nafungua huu uzi kwa sababu swali ni lile lile linarudi kila mara. Mtu alikuwa na GIMP 2.10 yake (programu ya bure ya kuhariri picha) safi kabisa anasafishia picha za zamani, ikaja taarifa ya toleo jipya akakubali, sasa ana 3.0 na akienda Filters halafu Enhance, pale alipozoea kukuta Heal Selection, hakuna kitu. Wengi wakifika hapo wanafuta programu yote wanaidaunlodi upya, bando linaisha na tatizo liko pale pale, maana GIMP yenyewe haina shida yoyote.

Kwa ambao hamuijui: Heal Selection si sehemu ya GIMP, ni plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayokuja na kifurushi kinachoitwa Resynthesizer. Kilianzia kwenye utafiti wa udaktari wa Paul Harrison pale chuo cha Monash, Australia, baadaye Lloyd Konneker akakishika akakiendeleza. Unazungushia ufa au doa, unabonyeza, yenyewe inachukua chembechembe za eneo la jirani kwenye picha hiyo hiyo na kujaza pale palipoharibika. Photoshop ilileta Content-Aware Fill kwenye CS5 mwaka 2010 na Resynthesizer ilikuwa tayari ipo miaka kadhaa kabla. Na ni bure. Ndio maana sisi wa picha za zamani hatuiachi.

Sasa kesi yenyewe ni hii. Resynthesizer ina vipande viwili. Kuna injini, hiyo ndiyo inafanya hesabu zote, na kuna skripti fupi fupi zinazokaa kwenye menyu, kama Heal Selection, ambazo kazi yake ni kupokea maagizo yako na kuyapeleka kwa injini. Ni konda na dereva: konda asipokuwepo gari inaweza kuwa nzima kabisa lakini hakuna wa kukupakia. Kwenye 2.10 hao makonda wameandikwa kwa Python 2, na Python 2 ilifungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, haiendelezwi tena. GIMP 3.0 ilipotoka tarehe 16 Machi 2025, miaka karibu 7 baada ya 2.10, ilikuja na Python 3 na namna mpya kabisa ya kuongea na plagini. Kwa hiyo kwenye 3.0 plagini ya zamani haiendi yote, konda na dereva wote, hata ukiikopi kwenye folda sahihi.

Kabla hujafuta chochote fanya hivi. Fungua GIMP, nenda Help, chagua Procedure Browser, kwenye kisanduku cha kutafutia andika resynth. Ukiona plug-in-resynthesizer ujue injini ipo na imepakiwa, kilichopotea ni skripti. Usipoona kitu chochote ujue injini yenyewe haijapakiwa, ama iko folda siyo ama ni ya toleo lingine. Hiyo hatua moja inakuambia uelekee wapi, watu wanairuka wanaanza kubahatisha.

Leteni hali zenu, semeni mnatumia Windows au Linux na toleo gani la GIMP. Tafadhali msiandike tu "haifanyi kazi".

StudioYaKona

Mkuu asante sana kwa uzi, umenigusa kabisa. Mimi Windows 10, GIMP 3.0, studio ndogo ya pasipoti na kusafisha picha. Nimefanya hiyo ya Procedure Browser, nimeandika resynth haijaleta kitu. Folda ya zamani ya plagini ninayo bado kwenye flashi, nikaikopi yote kwenye folda ya 3.0, nimefunga nimefungua wapi. Kuna mteja wa picha ya harusi ya wazazi wake anaisubiri na ina mkunjo umepita katikati, naombeni msaada wa haraka.

MsafishaPicha

Mkuu pole. Hiyo ya flashi ni ya 2.10, haitapanda kwenye 3.0 hata ufanyeje, itoe humo kwenye folda ya 3.0 isije ikakuchanganya baadaye.

Kwa kuwa una kazi ya mteja, njia ya haraka ni kurudisha 2.10 bila kuitoa 3.0. Kwenye Windows zinakaa zote mbili bila kugombana, ya zamani inakaa C:\Program Files\GIMP 2 na mpya inakaa GIMP 3, na mipangilio yake kila moja ina folda yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\GIMP halafu Enter, utaona folda ya 2.10 na ya 3.0 zimekaa pembeni pembeni. Plagini ya flashi irudi kwenye 2.10 ndani ya plug-ins.

Faili la kuinstoli 2.10 lichukue download.gimp.org, nenda folda ya v2.10 halafu windows, chukua 2.10.38 ya Mei 2024. Usichukue kwenye zile tovuti za programu za bure zinazokuwekea matangazo, wengine wanakuingizia uchafu kwenye mashine. Na ukiinstoli usibonyeze Next Next tu, chagua Customize na uhakikishe pale Python scripting pana tiki. Bila hiyo tiki utakuwa na 2.10 isiyo na Python na Heal Selection haitaonekana, utakuja kuniambia nimekudanganya.

StudioYaKona

Ngoja nishushe, narudi.

Mtoto_wa_Mvita

Salaam ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, hapa kwangu mambo ni tofauti kidogo, sijatia plagini yoyote. Natumia ile Heal ya kawaida, ile yenye alama ya plasta. Tangu niapdeti, ile alama haipo kwenye toolbox. Nimetafuta juu chini, iko Clone lakini Heal haipo. Je, imeondolewa ama yataka kutiwa upya?

MsafishaPicha

Waalaikum salaam ndugu yangu. Haijaondolewa, imejificha tu. Tangu 2.10.18 ya Februari 2020 vifaa vinavyofanana vimewekwa kwenye kikundi kimoja, kwa hiyo Heal iko chini ya Clone. Bonyeza ile alama ya Clone na ushikilie, au bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, zitatokea zote. Au bonyeza tu herufi H kwenye kibodi na yenyewe inakuja.

Kama hupendi hivyo vikundi nenda Edit, Preferences, Interface, Toolbox, utoe tiki pale Use tool groups, kila kifaa kitakaa na alama yake kama zamani. Mimi nimetoa, ninapokuwa ndani ya kazi sipendi kutafuta.

Na wengine mnaosoma msichanganye hivi vitu viwili. Heal ya plasta ni brashi, unashika Ctrl unabonyeza sehemu nzima halafu unapaka juu ya doa, na imo ndani ya GIMP yenyewe. Heal Selection ni ile plagini.

Mtoto_wa_Mvita

Nimeiona! Ilikuwa chini ya Clone kweli. Mola akulipe ndugu.

DogoLinux

Shikamoo mkuu MsafishaPicha. Mimi ni laptopu ya zamani ya bro, Ubuntu 18.04, kila kitu kilikuwa kinaenda poa. Nikaipandisha 20.04 na GIMP imebaki 2.10 ile ile lakini Heal Selection imeyeyuka. Sasa hapo sielewi maana wewe umesema shida ni kwenda 3.0 na mi sijaenda 3.0. Nimeandika resynth kwenye Procedure Browser ikaleta plug-in-resynthesizer.

MsafishaPicha

Marahaba dogo. Wewe ndio mfano wa injini ipo, skripti haipo. Swali moja tu: kwenye menyu ya Filters, chini kabisa, unaona Python-Fu?

DogoLinux

Hapana mkuu, iko Script-Fu tu.

MsafishaPicha

Basi tumeshalipata. Ubuntu 20.04 ilipotoka Aprili 2020 iliondoa vitu vingi vya Python 2, na kifurushi cha gimp-python kikaondoka navyo. Hicho ndicho kilichokuwa kinaiwezesha GIMP 2.10 kusoma skripti za Python. GIMP ikabaki, injini ya Resynthesizer ikabaki maana yenyewe imeandikwa kwa C haihitaji Python, ila Heal Selection na ndugu zake wote wakakosa pa kupitia. Namba ya GIMP haijabadilika, kilichobadilika ni kilicho chini yake, ndio maana inawachanganya watu.

Ukitaka kuona kwa macho yako funga GIMP, fungua terminali uiwashe kwa kuandika gimp, halafu usome inavyolalamika wakati inawaka.

DogoLinux

Imeleta hii mkuu:

/usr/bin/env: 'python': No such file or directory

Nimesoma mahali nikaambiwa niinstoli python-is-python2, nimeinstoli, sasa imebadilika inaleta:

ImportError: No module named gimpfu

MsafishaPicha

Vizuri sana kwamba umeleta maneno yenyewe, hapo mtu anakusaidia bila kubahatisha. Angalia kilichotokea. Mara ya kwanza mfumo ulikosa Python kabisa. Umeipa Python 2, skripti ikaanza kusoma mstari wa kwanza, ikaita gimpfu, na gimpfu ndiyo ile iliyokuwa inakuja na gimp-python iliyoondolewa. Kwa hiyo kuongeza Python peke yake hakutoshi.

Utakutana na watu wanakushauri udaunlodi gimp-python ya Ubuntu ya zamani uilazimishe iingie. Inawezekana, ila inadai na python-gtk2, python-cairo na python-gobject-2, kila moja ya enzi hizo, na siku ukifanya apt upgrade inaanza kugombana nayo. Mashine ya kazi siishauri kufanyiwa hivyo.

Njia iliyo safi ni Flatpak, namna ya kuinstoli programu kwenye Linux bila kutegemea vifurushi vya mfumo wako, na Flathub ndiyo duka lake. GIMP ya Flathub inakuja na mahitaji yake yote ndani, haitegemei Python ya Ubuntu yako, na Resynthesizer ipo kule kama nyongeza. Unaandika:

flatpak install flathub org.gimp.GIMP
flatpak install flathub org.gimp.GIMP.Plugin.Resynthesizer

Ya pili ikikuuliza uchague tawi, chagua linalolingana na GIMP uliyoshusha, usichague tu la kwanza. Ni mzigo mkubwa kidogo kwa bando la kawaida kwa sababu mara ya kwanza inashusha na maktaba zake, subiri bando la usiku au tafuta wifi.

Halafu dogo, jipange kuihama hiyo 20.04, muda wake wa kawaida wa kupata marekebisho ya usalama uliisha mwaka 2025.

Chekeleni

Wakuu samahani naingilia, hivi haya mateso yote ya nini wakati kuna programu za simu za AI unaweka picha ya zamani inarudi inang'aa kwa sekunde chache? Mi nimemfanyia shangazi yangu picha ya mwaka 1974 alifurahi sana.

MsafishaPicha

Mkuu sina ugomvi na furaha ya shangazi, na kama yeye mwenyewe karidhika na picha yake hiyo imeisha. Ila hili la sura nalisema kwa uzito maana limenikalia moyoni.

Picha nyingi zinazoletwa kusafishwa ni za watu waliokwishatangulia. Mara nyingi ni ile moja tu iliyobaki, ya studio, nyeusi na nyeupe, mtu amesimama mbele ya pazia na mkono umewekwa juu ya kiti. Imekaa kwenye sanduku la bati, imepata ukungu pembeni, emulsheni imepasuka. Zile programu kwenye sura haziondoi ufa, zinachora sura upya kwa kukisia kutokana na mamilioni ya sura zilizofundishwa nazo. Ngozi inakuwa laini kama ya tangazo la sabuni, alama za chanjo zinafutika, chale zinafutika, mwanya unazibwa, pua inanyooshwa. Ukimpelekea mtoto wa marehemu anaitazama muda mrefu halafu anakuambia imependeza lakini huyu si mama. Nimesikia hilo neno kwa wateja na ni zito.

Heal Selection haina uwezo wa kukisia sura, inachojua ni kuazima kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo. Punje za filamu zinabaki zile zile, weusi wake unabaki ule ule. Na hata hiyo kwenye sura siigusishi, kwenye macho na mdomo natumia Clone na Heal kwa mkono, brashi ndogo, taratibu. Pazia, sakafu, nguo zisizo na maua, anga, hapo ndipo kwake.

Mjukuu_wa_Fundi

Mkuu umesema kweli tupu. Babu yangu alikuwa mpiga picha, zile negativu zake naziskani mimi sasa hivi. Kuna mzee alinirudishia picha ya AI akasema mdogo wake alikuwa na kovu juu ya nyusi na ndiyo alama iliyokuwa inamtofautisha na pacha wake. Nikairudia yote kwa mkono.

Naomba uniambie unaskani kwa dpi ngapi, na hapo kwenye dirisha la Heal Selection unaweka nini? Mi huwa naacha kama ilivyo, kuna wakati inaniletea kipande cha kiatu kwenye ukuta.

MsafishaPicha

Hilo la kiatu kwenye ukuta dawa yake ipo.

Kuskani, picha ya karatasi naweka 600 dpi, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inakupa pikseli 2400 kwa 3600, inatosha kuprinti na kuongeza ukubwa kidogo. Chini ya hapo ufa na punje za karatasi vinachanganyikana, plagini haijui nini ni nini. Negativu ni habari nyingine, ni ndogo, zinataka zaidi ya hapo.

Kabla ya kugusa kitu nakopi leya (tabaka la picha), ile ya asili inabaki chini haiguswi. Halafu sizungushii ufa wote kwa mkupuo. Watu wanachagua ufa kuanzia juu ya picha mpaka chini, umepita ukuta, bega, kiti na sakafu, wanabonyeza mara moja. Lazima ilete kiatu ukutani, maana umeiambia iangalie jirani zote hizo kwa pamoja. Nakata vipande: cha ukuta peke yake, cha nguo peke yake. Nazungushia kwa Free Select nikiacha nafasi kidogo pembeni ya ufa, au nikishachagua naenda Select, Grow, naongeza pikseli chache, kwa sababu kingo za ufa huwa zina mstari mweupe mwembamba na ukiuacha nje ya eneo ulilochagua plagini inauona kama sehemu ya picha na kuunakili.

Kwenye dirisha lake kuna Context sampling width, inakuja na 50. Hiyo ni umbali wa kuangalia jirani, kwa pikseli. Ukuta mtupu niiache hapo au niongeze. Karibu na kiatu naipunguza ili isifike kwenye kiatu. Halafu Sample from ndiyo watu hawaigusi kabisa na ndiyo yenye faida: ufa uliosimama nachagua Sides ili iazime kushoto na kulia tu, mkunjo uliolala nachagua Above and below. All around naitumia kwa madoa ya duara. Filling order kwa ufa mrefu mwembamba nafanya Inwards towards center, matokeo yake yanatulia kuliko Random.

Isipopendeza mara ya kwanza Ctrl Z na urudie, mara nyingine marudio yanatoka tofauti.

StudioYaKona

Wakuu nimerudi. 2.10.38 imekaa, tiki ya Python niliikuta ipo, plagini nimeirudisha kwenye folda yake. HEAL SELECTION IMEONEKANA. Mkuu nakushukuru sana, sijui nikulipe nini.

Sasa kuna jipya limezuka. Ile picha ya harusi nilikuwa nimeshaianza kwenye 3.0, nimesevu kama XCF, lile faili la GIMP lenyewe. 2.10 inakataa kuifungua, inasema ni toleo la XCF isilolijua.

MsafishaPicha

Safi sana mkuu. Hilo la XCF ni la kawaida, 3.0 inaweka ndani ya faili vitu ambavyo 2.10 haijui kuvisoma, hasa zile filta ambazo unaweza kurudi na kuzibadilisha baadaye. Fungua hiyo XCF kwenye 3.0, nenda File, Export As, toa kama PNG au TIFF. Usitoe JPEG maana bado hujamaliza kazi na JPEG inapunguza ubora kila ukisevu. Hiyo PNG ifungue kwenye 2.10, piga Heal Selection, toa tena PNG, rudi nayo 3.0 kama kuna kumalizia. Hutakuwa na leya zako ukiwa 2.10, kwa hiyo ile XCF usiifute.

Chekeleni

Sasa mkuu kama ni hivyo si bora mtu abaki 2.10 tu aachane na 3.0?

MsafishaPicha

Kama kazi yako ni kuziba nyufa tu na 2.10 imekaa vizuri, baki nayo, hakuna anayekufukuza. Mimi natumia zote. 3.0 imeniokoa kwenye upande wa mwanga. Picha iliyofifia unaiwekea Curves, ukishaprinti unaona imekuwa nyeusi mno, unarudi unaifungua Curves ile ile unairekebisha bila kuanza upya. Kwenye 2.10 ukishabonyeza OK imeshaingia kwenye picha. Kwa mtu anayeprinti kwa ajili ya wateja hiyo ni nafuu kubwa sana.

Na 3.0 si kwamba haina njia kabisa. Resynthesizer imeandikwa upya kwa ajili yake, cha msingi uhakikishe faili unalodaunlodi limesema wazi ni la GIMP 3. Na kumbukeni kwenye 3.0 plagini ikirushwa tu ndani ya plug-ins haisomwi, lazima ikae ndani ya folda yake yenye jina lile lile la faili. Faili likiitwa safisha.py liwe ndani ya folda safisha. Kwenye Linux ulipe na ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Hilo la folda limewakwamisha wengi ambao plagini yao ilikuwa sahihi kabisa.

Pia kuna G'MIC, plagini nyingine ya filta, ya maabara ya GREYC kule Caen, Ufaransa, ipo tangu 2008 na ina toleo la GIMP 3. Ndani yake upande wa Repair kuna Inpaint Patch-Based. Unapaka ufa kwa rangi nyekundu kamili kwenye kopi ya leya halafu unaiendesha, inajaza pale penye nyekundu. Ni nzito kuliko Heal Selection kwenye mashine ndogo lakini kwenye ukuta na pazia inafanya kazi nzuri.

MamaWawili

Habari zenu kaka zangu. Mimi yangu inanichanganya, Heal ya plasta ipo, nashika Ctrl nachagua sehemu, nikipaka juu ya doa hakuna kinachotokea. Haileti hata kosa, au inaandika kitu chini haraka kinapotea. Kwenye picha nyingine inafanya kazi, kwenye hii moja tu haitaki. Nimeapdeti wiki hii nikajua ndio sababu.

MsafishaPicha

Salama dada, karibu. Kama nyingine zinakubali na moja inakataa basi apdeti haihusiki, ni hiyo picha yenyewe. Angalia juu kabisa ya dirisha, pale penye jina la faili, panasomeka nini kwenye mabano?

MamaWawili

Naona imeandika Indexed color, 1 layer. Nilitumiwa na ndugu, ni GIF.

MsafishaPicha

Ndiyo hiyo dada. GIF ina rangi zisizozidi 256 kwenye orodha maalumu, Heal inahitaji kuchanganya rangi mpya na hapo hairuhusiwi, kwa hiyo inakataa. Nenda Image, Mode, chagua RGB, halafu jaribu tena. Kama bado, bonyeza Shift Ctrl A kufuta eneo lolote lililochaguliwa, maana ukiwa na kieneo kidogo umekichagua kwenye kona bila kujua, brashi haipaki nje yake.

Ila kama huyo ndugu bado ana karatasi yenyewe, mwombe aiskani upya. GIF imeshapoteza vivuli vingi vya sura na hakuna kifaa cha kuvirudisha.

MamaWawili

RGB imekubali kaka, asante sana. Karatasi iko Tabora kwa mama mkubwa, nitamwomba binamu aende nayo steshenari wamskanie.

MsafishaPicha

Mwambie waskani kwa 600 dpi, watoe TIFF au PNG, na wasitumie ile ya kupiga picha kwa simu. Na wafute kioo cha skana kwanza, vumbi la kioo litakupa kazi ya siku nzima.

DogoLinux

Mkuu nimeshusha zote mbili usiku. Flatpak imekubali, plagini imekubali, nafungua GIMP bado hakuna Heal Selection. Nimekwama kabisa.

MsafishaPicha

Dogo usikate tamaa. Umefungua GIMP ipi? Unazo mbili sasa, ya apt na ya Flatpak, na kwenye menyu ya programu alama zinafanana. Andika kwenye terminali flatpak run org.gimp.GIMP halafu uangalie tena.

DogoLinux

Daaah ipo mkuu!!! Nilikuwa nafungua ile ya zamani muda wote huo. Nimejaribu kwenye picha ya bibi, ufa wa ukutani umeondoka wote. Bado kuna mkunjo umelala unapita kwenye kanga yake, na kanga ina maandishi.

MsafishaPicha

Hongera dogo. Sasa hiyo ya zamani iondoe kwa sudo apt remove gimp zisikuchanganye tena.

Kwenye kanga usitumie Heal Selection kabisa, itakuvuruga herufi na jina la kanga halitasomeka tena. Tumia Clone, brashi ngumu ndogo, azima kwenye herufi ile ile ikijirudia mahali pengine kwenye kanga. Pindo la kanga lina mchoro unaojirudia kwa hiyo utapata pa kuazima, kuwa tu mwangalifu na mwelekeo wa kitambaa kilivyokunjamana. Piga picha ya skrini hapo penye mkunjo uilete tuone pa kuanzia.